Kichwa kinachouma nyuma ya chanjo: tuache kujibu "itapita"

Wanachama wetu, kwa kawaida kwenye ukurasa huu tunawaandikia juu ya kukata matawi ya kahawa, juu ya mbegu ya viazi, juu ya mbolea ya takataka. Leo tunaomba nafasi kwa jambo lingine. Wengine watasema si kazi ya agronome. Sisi pia tulifikiri vile, na kufikiri vile ndiko kulitukosesha.

Ilikuwa mwaka 2019, upande wa Lubero, wakati wa kuchuma kahawa. Ebola ilikuwa tayari imeingia Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu mwezi wa 8 wa 2018. Mtu mmoja aliyebeba mifuko kwenye depo ya koperative aligonjwa, timu ya chanjo ikafika, na wote waliopita pale siku zile wakaandikwa: wapimaji, wabebaji, wamama wa kuchagua kahawa, na sisi pia tuliokuwa tunatoa mafunzo. Kila mtu alisaini karatasi, akachomwa sindano kwenye mkono. Kesho yake nusu ya depo ilikuwa inashika kichwa. Hiyo walikuwa wametuambia mbele, hatukuogopa.

Karibu wiki tatu nyuma ya pale, kwenye mkutano wa bei, yule mama anayeshika mizani alisimama. Wote pale wanamuita Mama Mizani, na sisi tutamuita vile hapa. Akasema: "Agronome, mulituambia siku mbili, tatu. Mimi leo ni siku ya kumi na tisa. Kichwa haijaniacha, hata usiku."

Tulimjibu: "Mama, itapita." Watu wawili wakacheka. Tukarudi kwenye bei.

Alikuwa ameisha kwenda kwenye sentre ya afya. Pale walimpima homa, wakaona hana, wakamuambia hana kitu. Wale waliokuwa wanafuata waliochanjwa walikuja nyumbani kila asubuhi na termometa yao, wakaandika namba, wakaenda. Hakuna aliyeandika neno "kichwa". Na sisi, watu ambao tunaweza kukaa saa nzima tukihesabu madoa kwenye jani moja la kahawa, hatukumuuliza hata swali moja.

Tuseme kwanza ile inayojulikana, juu wengi wanaogopa bila sababu. Chanjo ya Ebola iliyotolewa kwetu, ile ya Ervebo, imetengenezwa na kirusi cha wanyama, kile kinachotia ng'ombe na farasi vidonda mdomoni. Kilibadilishwa, kikabebeshwa kipande kimoja cha ganda la kirusi cha Ebola. Haiwezi kukupa Ebola, juu Ebola yenyewe haimo ndani. Lakini kirusi kile ni kizima, kinaongezeka kidogo mwilini, na mwili unasimama kupigana nacho. Kule kupigana ndiko kunaleta homa, viungo kuuma, na kichwa. Katika majaribio ya chanjo ile, zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu walilalamika kichwa. Kwa wengi maumivu yanaanza siku za kwanza na hayamalizi wiki. Chanjo zingine nyingi ziko vile, ya Covid na ya mpox pia: siku moja, mbili, tatu, unakunywa paracetamol na maji mengi, unapumzika, inaisha. Katika ugonjwa ule wa 2018 mpaka 2020 watu zaidi ya 300.000 walichanjwa, huku ugonjwa wenyewe ukipata watu 3.470 na kuua 2.287. Hatuandiki hapa kuwakataza chanjo. Sisi tulichanjwa, na kama ingekuja kesho tungechanjwa tena.

Tunaongea juu ya kichwa kinachopita ile wiki. Ao kinachoisha, kisha kinarudi. Ao kinachoanza siku ya tano wakati sindano umeisha kuisahau. Hapo neno "ni chanjo tu" linakuwa hatari, na linakuwa hatari kwa pande mbili.

Upande wa kwanza tuliuona pale pale depo. Kijana mmoja mbebaji alichanjwa siku moja na sisi. Kichwa chake kiliisha siku ya tatu, akarudi kubeba. Siku ya saba kikaanza upya, na baridi, na kutapika. Nyumbani wakasema ni chanjo. Jirani akasema ni chanjo. Yeye mwenyewe alisema vile, lakini ndani ya moyo aliogopa kitu kingine: kichwa na homa ni dalili za Ebola pia, na alijua kama akisema, gari litakuja kumpeleka kwenye santre ya matibabu mbele ya mtaa mzima. Basi akanyamaza. Alilala siku tano, anakunywa vidonge vya kuomba kwa majirani. Walipomtoa, alikuwa anaongea mambo yasiyo na kichwa wala mguu. Ilikuwa malaria, na ilikuwa imeisha kupanda. Alipona, lakini kidogo tu angetuacha. Tone moja la damu kwenye kile kipimo cha haraka, dakika kumi na tano ao makumi mawili, ingetosha kuijua siku ya saba.

Tunawaomba muangalie vizuri siku zile. Homa ya chanjo ile inakuja mapema, siku ya kwanza, ya pili. Na kinga yenyewe inahitaji karibu siku kumi kusimama. Mtu aliyechanjwa juu alimgusa mgonjwa, kisha akapata homa na kichwa siku ya tano ao ya saba, anaweza kuwa na malaria, anaweza kuwa na tifoidi, anaweza hata kuwa na Ebola yenyewe aliyoichukua mbele ya sindano. Kumuambia "ni chanjo" ni kumfungia mlango wa dawa. Chanjo haifukuzi malaria kwa wiki mbili ili ituachie nafasi ya kupumua. Malaria iko pale pale, na mbu hawajui tarehe ya kampanye.

Upande wa pili ni Mama Mizani. Kichwa chake kilidumu karibu wiki saba. Kisha siku moja kikapungua, kikaenda. Alipimwa malaria mara mbili, hakuna. Tansio nzuri. Macho mazuri. Mpaka leo hakuna anayejua kama ilikuwa sindano, ao uchovu wa msimu, ao woga wa mwaka ule ambao ulituuma wote kichwa kwa namna yake. Sisi hatutasema ni chanjo, juu hatujui. Na hatutasema si chanjo, juu hatukuandika kitu cha kutuwezesha kusema.

Lakini ile iliyofuata tunaijua. Mwaka uleule surua ilikuwa inapita ndani ya inchi nzima. Tangu mwanzo wa 2019 mpaka mwanzo wa 2020, Kongo ilihesabu zaidi ya wagonjwa 310.000 waliofikiriwa kuwa na surua, na zaidi ya 6.000 waliokufa, wengi wao watoto. Surua iliua kuliko Ebola, na magari yake yalikuwa machache. Timu ya chanjo ya surua ilipofika kijijini, Mama Mizani aliwafunga wajukuu wake ndani ya nyumba. Wanawake wengine saba wa kundi la kuchagua kahawa wakafanya sawa naye, juu yeye ni mtu wanayemuamini: mizani yake haijawahi kuiba hata gramu mia. Wajukuu wake wawili walipata surua. Walipona, mmoja kwa shida. Mtoto wa mama mwingine wa kundi lile hakupona.

Tulienda kumuona nyuma ya kilio. Hatukuwa na maneno. Ni yeye alianza: "Mimi sikatai chanjo. Ninakataa kuambiwa niko muongo."

Tumebeba neno lile mpaka leo. Wakati tunasikia wenzetu wa mashirika wakisema kama wakulima wanakataa chanjo juu ya uvumi, juu ya simu, juu ya wachungaji, tunajua ni kweli kwa wengine. Lakini wengine walikataa juu ya sisi. Walileta maumivu ya kweli, tukawarudishia kicheko.

Kuna wenzetu tunaowaheshimu ambao hawakubaliani na sisi hapa. Wanasema: mukianza kuandika kila kichwa kinachouma nyuma ya chanjo, mutapanda woga. Kaye moja ya vichwa itatembea kijiji kizima na kusema "muone, chanjo imeumiza watu ishirini". Hoja ile si ya kutupa. Tumeona namna namba moja isiyoelezwa inavyoweza kuchoma kampanye nzima. Lakini tunafikiri wanakosea, na tutawaambia sababu kwa mfano wa mbali kidogo.

Mwezi wa 3 wa 2021 inchi yetu ilipokea dozi milioni 1,7 za chanjo ya Covid ya AstraZeneca. Siku zilezile inchi nyingi za Ulaya zilisimamisha chanjo ile kwa muda, juu watu wachache walikuwa wameganda damu ndani ya mishipa, wengine ndani ya mishipa ya kichwa. Kinshasa nayo ikangoja, ikaanza tarehe 19 mwezi wa 4, na sehemu kubwa ya dozi zikapelekwa inchi zingine mbele hazijapita tarehe. Wengi kwetu walibaki na hadithi moja tu: "chanjo ya sumu, wazungu wenyewe waliikataa." Lakini tujiulize, waganga wa kule walijua namna gani? Kwa sehemu kubwa ni juu ya vichwa. Watu walikuja hospitali siku ya tano, siku ya kumi nyuma ya sindano, na kichwa kikali kisichosikia dawa, wengine na macho yanayoona ukungu. Waganga hawakusema "itapita". Waliandika tarehe ya sindano na tarehe ya kichwa, wakapima damu, wakakuta zile chembe za kugandisha damu zimepungua sana na bado damu inaganda mahali isipopaswa. Wakaunganisha kesi moja na nyingine. Wakakuta ugonjwa wa nadra sana, watu wachache ndani ya mamilioni, na wakajifunza dawa gani inasaidia na dawa gani ya damu isitolewe kwa mgonjwa wa namna ile. Vichwa vingine vyote, maelfu na maelfu, vilikuwa vichwa vya kawaida. Lakini bila kuviandika vyote wasingeweza kutenganisha.

Sasa tuingie ndani ya shamba letu, hapa hatuhitaji kuomba ruhusa kwa muganga. Nyuma ya chanjo ya Covid, mkulima mmoja wa tomati alituambia sindano ilimuachia kichwa kinachorudi kila wiki. Mara hii tuliuliza. Tulikaa naye chini ya muavokado, tukahesabu. Kichwa kinaanza Jumatatu jioni. Jumanne kinakuwa kikali, na mate mengi, na jasho, na tumbo. Jumatano mchana kinaisha. Jumatatu nyingine, tena. Tukamuuliza Jumatatu anafanya nini. Akatuangalia, akacheka mwenyewe: "Napompa."

Pompi yake ilikuwa inavuja mgongoni. Dawa alikuwa anaikoroga kwa fimbo, na fimbo ikikosekana kwa mkono. Alikuwa amechanjwa mara moja. Alikuwa amepompa mara tisa. Dawa nyingi za wadudu zinazouzwa kwenye masoko yetu, zile za jamii ya organofosfati, zinaingia kwa ngozi na kwa pumzi. Zinazuia kitu fulani mwilini kinachotuliza mishipa ya fahamu, na mtu anapata kichwa, mate, machozi, jasho, kutapika, mboni ya jicho kuwa ndogo sawa nukta. Ikizidi, pumzi inakatika, na pale ni mbio hospitali, mukibeba na chupa ili muganga aone jina la dawa. Sisi tunaouza ujuzi wa dawa hizi tunapaswa kuwa wa kwanza kuuliza juu ya pompi mbele ya kulaumu sindano. Mara nyingi hatuulizi, juu jibu linaweza kutugeukia: nani alimfundisha kupompa bila kumfundisha kuvaa?

Basi tunasema hivi, kama maoni yetu. Mkulima akichanjwa, asipompe dawa wiki ile. Tunasema vile ili kichwa kikija kijulikane kimetoka wapi. Sindano na pompi zikipita siku moja, hata muganga hodari atachanganyikiwa. Kasiksi pia ingoje siku chache. Anayemeza paracetamol kila masaa manne na kasiksi juu yake anaumiza maini yake, kisha anasema chanjo ilimdhoofisha. Vidonge vya miligramu 500 visipite vinane kwa siku kwa mtu mzima, na kama siku tatu zimepita na bado unavihitaji, hapo si mambo ya vidonge tena.

Hapo ni kwenda kwenye sentre. Na kuna vichwa ambavyo havingoji hata siku ya tatu: kichwa na homa inayopanda, kichwa na shingo ngumu, na kutapika kusikoisha, na macho yanayoona vibaya, na mkono ao mguu unaolegea, na degedege, na usingizi usio wa kawaida, na madoa madogo ya damu chini ya ngozi. Mama mwenye mimba anayeumwa kichwa kikali, hata kama alichomwa sindano jana, apimwe tansio siku ileile. Yeye ana sababu zake mwenyewe za kichwa, na zinaua. Kichwa kinachoanza siku nne ao zaidi nyuma ya chanjo na kinazidi kila siku, nacho vile.

Mukifika, musiseme tu "kichwa inaniuma". Museme chanjo gani, tarehe gani, kichwa kilianza tarehe gani, mulipompa lini. Na muombe jambo moja ambalo wengi hawajui kama lipo: fomu ya MAPI. Ni karatasi ya kuandikia mambo mabaya yanayotokea nyuma ya chanjo, na ile mikubwa inapaswa kufanyiwa uchunguzi. Infirmie titileri anaijua. Kuandika pale hakusemi kama chanjo ndiyo imekosa. Kunasema tu: nyuma ya chanjo, hiki kilitokea. Tumeona sentre ambazo fomu zile zinakaa chini ya kabati, safi, hazijaguswa miaka. Si ubaya wa mtu. Infirmie mmoja ana vijiji vingapi? Lakini karatasi isiyoombwa haitoki kabatini, na komite ya koperative ikiiomba, inaombwa na watu mia mbili.

Na koperative yenyewe iwe na kaye yake. Tunawashangaa, na tunasema hivi kwa upendo: muko na kilo za matunda mekundu za kila mwanachama tangu miaka minne, mpaka zile zilizoelea kwenye maji na kukataliwa. Tukichanja kuku juu ya ugonjwa wa Newcastle, munatuambia siku gani kuku wa nani alikufa, na tunakaa pamoja kutafuta: alikuwa tayari mgonjwa, ao dawa ilishinda kwenye jua? Hakuna anayecheka kuku. Mtu achanjwe, tarehe inapotea siku ileile.

Kwa wale wanaoogopa kaye itapanda uvumi, jibu letu ni namna ya kuitumia. Isome kichwa kilichoisha, si tu kilichoanza. Mukisema ishirini waliumwa kichwa, museme na kumi na nane waliopona mbele ya wiki, mmoja aliyekutwa na malaria akatibiwa, na mmoja ambaye bado tunamfuata. Majina yabaki kwa komite na infirmie, si kwenye ukuta wa depo. Uvumi unapenda mahali pasipo na hesabu.

Kwenye ile depo ya Lubero kaye ipo tangu muda sasa. Inaning'inia kwa kamba kwenye msumari, karibu na mizani, na anayeiandika ni Mama Mizani mwenyewe; alikubali chanjo nyingine tu baada ya kupewa kazi ile. Tulipopita mara ya mwisho, ukurasa ulikuwa na majina tisa. Saba yamepigwa mstari na tarehe ya kupona mbele yake. La nane lilikuwa na neno "malaria, amepewa dawa". La tisa lilikuwa la binti wa miaka kumi na sita, siku ya sita, kichwa kinazidi jioni. Mama alikuwa ameisha kumuita motari, na alituomba tupande nyuma yao mpaka sentre, "juu nyinyi," alisema, "munajua kuuliza sasa."